Jinsi ya Kubashiri Msimamo wa Divisheni ya Besiboli Kabla ya Msimu Kuanza

Mwaka 2023 Baltimore Orioles waliongoza Divisheni ya Mashariki ya American League, moja ya ligi mbili za besiboli ya ligi kuu ya Amerika Kaskazini, kwa kushinda michezo 101. Mwaka 2025 walimaliza mkiani wakiwa wameshinda 75. Toronto Blue Jays, waliokuwa wa mwisho mwaka 2024 kwa kushinda michezo 74, mwaka uliofuata walishinda 94, wakatwaa divisheni na kufika World Series, yaani fainali ya ubingwa, ambako Los Angeles Dodgers waliwashinda katika mchezo wa saba. Mtu aliyekuwa akinakili msimamo wa mwaka uliopita na kuuita ubashiri hakuweza kuyaona mabadiliko hayo yakija, na naamini kabisa kwamba yako mengine yanayoweza kuonekana mapema, hata kama si yote.

Katika mwongozo huu nitatumia divisheni hiyo hiyo yenye timu tano, yaani New York Yankees, Boston Red Sox, Toronto Blue Jays, Tampa Bay Rays na Baltimore Orioles, nikianzia takwimu za 2025 kuelekea msimu wa 2026. Utahitaji programu ya lahajedwali na takwimu za timu, ambazo hupatikana bure mtandaoni. Kwa sisi tunaoufuatilia mchezo huu tukiwa Afrika Mashariki, ambako mchezo unaoanza saa moja jioni New York wakati wa kiangazi huwa saa nane usiku kwetu, takwimu si anasa. Ndiyo njia kuu ya kuijua timu ambayo hatuwezi kuitazama kila siku.

Hatua ya kwanza: weka kando ushindi, andika mikimbio

Kila timu hucheza michezo 162, na idadi ya michezo iliyoshinda hubeba ndani yake bahati nyingi, hasa ya michezo iliyoamuliwa kwa mkimbio mmoja. Tofauti kati ya mikimbio (alama za besiboli) iliyofungwa na mikimbio iliyoruhusiwa hueleza uwezo wa timu vizuri zaidi. Bill James, mchambuzi wa takwimu za besiboli, ndiye aliyetoa kanuni inayotumika hadi leo: chukua mraba wa mikimbio iliyofungwa, ugawanye kwa jumla ya mraba huo na mraba wa mikimbio iliyoruhusiwa, nawe utapata sehemu ya michezo ambayo timu ilistahili kushinda. Baadaye ilionekana kwamba kipeo cha 1.83 hulingana na matokeo halisi kuliko 2, na ndicho ninachokitumia hapa.

Mwaka 2025 Yankees walifunga mikimbio 849 na kuruhusu 685; kanuni inawapa ushindi wa michezo 97, ilhali walishinda 94. Red Sox, kwa 786 dhidi ya 676, walistahili 92 wakapata 89. Blue Jays, kwa 798 dhidi ya 721, walistahili takriban 88, lakini walishinda 94. Rays, kwa 714 dhidi ya 683, walistahili 84 wakaambulia 77. Orioles, kwa 677 dhidi ya 788, walistahili 70 wakashinda 75.

Itazame orodha hiyo kwa utulivu. Mabingwa wa divisheni wanashuka hadi nafasi ya tatu, na Rays, ambao msimamo uliwaonyesha wakiwa chini ya nusu, wanajitokeza kuwa timu nzuri kuliko jina waliloachiwa na msimu. Dalili ya namna hiyo ilikuwepo pia mwaka 2023: Orioles wa michezo 101 walifunga mikimbio 807 na kuruhusu 678, jambo linalowapa ushindi wa michezo 94 hivi. Walikuwa timu nzuri sana, ila hawakuwa timu ya 101, na mwaka uliofuata walishinda 91.

Hatua ya pili: vuta kila timu kuelekea katikati

Timu iliyofanya vizuri mno huelekea kushuka kidogo, na iliyofanya vibaya mno huelekea kupanda, kwa sababu sehemu ya kila matokeo ya kupindukia hutokana na mambo yasiyojirudia: majeraha kukosekana, mpira kuangukia mahali pazuri, wachezaji kadhaa kuwa na mwaka mzuri kwa pamoja. Katikati ni michezo 81. Mimi huvuta kwa theluthi moja ya umbali. Yankees wa 97 wako michezo 16 juu ya katikati, kwa hiyo hubaki na 92 hivi. Red Sox wanakuwa 88, Blue Jays 86, Rays 83 na Orioles 74.

Huu ni msingi tu, kwani bado hatujamtaja mchezaji hata mmoja.

Hatua ya tatu: chunguza uwanja

Viwanja vya besiboli havilingani kwa vipimo wala kwa hali ya hewa, na hilo hubadilisha takwimu za wachezaji. Rays ni mfano ambao ni lazima ushughulikiwe. Kimbunga Milton kiliharibu paa la Tropicana Field mnamo Oktoba 2024, na msimu wote wa 2025 timu ikacheza nyumbani katika uwanja wa Steinbrenner huko Tampa, uwanja mdogo, usio na paa, ambao kwa kawaida Yankees huutumia kwa mazoezi ya kabla ya msimu. Rays walikuwa wamefunga mikimbio 604 mwaka 2024. Mwaka 2025 walifunga 714. Usiihesabu nyongeza hiyo yote kuwa ni maendeleo ya wapigaji.

Kwa kuwa uwanja huathiri timu zote mbili zinazocheza humo, makadirio ya ushindi wa timu nzima hayabadiliki sana. Kinachoharibika ni makadirio ya mchezaji mmoja mmoja, ambayo tunayahitaji katika hatua inayofuata. Njia rahisi ya kujihadhari ni kulinganisha takwimu za mchezaji za nyumbani na za ugenini, na kuzipa zile za ugenini uzito zaidi pale timu inapobadilisha uwanja.

Hatua ya nne: jenga upya timu kwa wachezaji watakaocheza kweli

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo unapostahili kutumia muda mwingi. Kipimo kinachorahisisha hesabu ni WAR, ambacho hukadiria idadi ya ushindi ambao mchezaji huiongezea timu kuliko mchezaji wa kiwango cha chini anayeweza kupatikana bila gharama kubwa. Timu iliyojaa wachezaji wa kiwango hicho cha chini hutarajiwa kushinda michezo 48 hivi. Jumlisha makadirio ya WAR ya wachezaji wote kisha ongeza 48: timu yenye jumla ya 40 inatarajiwa kushinda 88.

Ili kumkadiria mchezaji, usitumie mwaka mmoja. Mfumo wa Marcel uliobuniwa na mchambuzi Tom Tango hutumia miaka mitatu ya mpigaji kwa uzito wa 5, 4 na 3, ukianza na mwaka wa karibuni, kisha huongeza kiasi cha kiwango cha wastani wa ligi, na mwishoni hurekebisha kwa umri: mchezaji aliye chini ya miaka 29 huongezewa kidogo, aliyevuka umri huo hupunguziwa. Unaweza kuuandika wote katika lahajedwali kwa jioni moja. Ipo mifumo ya kina zaidi, kama vile ZiPS, Steamer na PECOTA, lakini anayeanza na Marcel huelewa kila namba imetoka wapi, na ufahamu huo una thamani kuliko namba iliyo sahihi zaidi kidogo.

Kosa linaloharibu bashiri nyingi ni kumtoa nyota aliyeondoka na kupunguza WAR yake yote. Juan Soto aliipa Yankees takriban WAR 8 mwaka 2024, kisha akaenda New York Mets kwa mkataba wa miaka 15 wenye thamani ya dola milioni 765. Wengi waliona pengo hilo tu. Lakini nafasi yake haikubaki wazi: Yankees walimleta Cody Bellinger, Paul Goldschmidt na mrushaji (anayewarushia wapigaji mpira) Max Fried, wakashinda 94 kama mwaka uliotangulia, ingawa mrushaji wao Gerrit Cole alikosa msimu mzima baada ya upasuaji wa kiwiko. Kwa hiyo kila jina unalolifuta lazima liandikiwe mrithi, naye mrithi apewe makadirio yake mwenyewe.

Jambo la pili ni muda wa kucheza. Andika kwa kila nafasi ni nani atacheza na kwa sehemu gani ya msimu, na usimpe mchezaji yeyote asilimia 100. Kwa warushaji wanaoanza mchezo, usiishie kwa watano wa kawaida wanaopokezana. Panga hadi wa nane, kwa kuwa katika msimu wa miezi sita viwiko na mabega huumia. Timu mbili zinaweza kulingana kwa warushaji watano wa kwanza, lakini mrushaji wa saba wa moja akawa hodari na wa nyingine akawa wa kubahatisha. Tofauti hiyo haionekani kwenye vichwa vya habari, ila huonekana mwezi Agosti.

Ukimaliza, linganisha jumla yako na msingi wa hatua ya pili. Zikitofautiana kwa zaidi ya michezo 6, tafuta sababu kabla ya kuendelea. Kisha hakikisha makadirio ya timu zote 30 za ligi kuu yanafikia jumla ya michezo 2,430, kwa sababu kila ushindi ni kushindwa kwa mwingine. Matumaini yetu kwa timu tunazozipenda huvimbisha jumla hiyo kwa urahisi.

Hatua ya tano: ratiba

Hii ni fupi siku hizi. Hadi 2022 kila timu ilikutana na kila mpinzani wa divisheni yake mara 19, yaani michezo 76 kwa jumla. Tangu 2023 hukutana mara 13, yaani 52, na kila timu hucheza na zile nyingine 29 zote. Ukali wa divisheni bado una uzito, ila mchezo mmoja au miwili ya marekebisho hutosha.

Hatua ya sita: geuza namba ziwe uwezekano

Hata kama ungeujua uwezo halisi wa kila timu bila kosa lolote, bahati pekee katika michezo 162 huleta mchepuko sanifu (kipimo cha jinsi matokeo yanavyotawanyika) wa michezo 6.4. Ongeza kosa la makadirio yetu wenyewe, ambalo mimi huliweka karibu na 6, na mtawanyo wa jumla unafika 9 hivi. Mwaka 2025 George Springer wa Blue Jays, aliyekuwa na wastani wa kupiga wa .220 (mapigo 22 yaliyofaulu kwa kila majaribio 100) mwaka uliotangulia, alipiga .309 na homurani 32 (mapigo yanayompa mpigaji nafasi ya kuzunguka vituo vyote) akiwa na umri wa miaka 35. Hakuna mfumo wa kuaminika ambao ungemwandikia hivyo, na mtawanyo upo kwa ajili ya watu kama yeye.

Katika lahajedwali, ipe kila timu safu yake na uandike =NORM.INV(RAND(),92,9), ukibadilisha 92 kwa makadirio ya timu husika. Nakili hadi mistari 10,000, kila mstari ukiwa msimu mmoja wa kufikirika, kisha hesabu ni mara ngapi kila timu imemaliza katika kila nafasi. Ukizifanya namba kuwa kamili na timu zikafungana, amua kwa kura. Katika ligi yenyewe, tangu 2022, huamuliwa kwa matokeo ya wao kwa wao bila mchezo wa ziada. Ndivyo Blue Jays walivyowapita Yankees mwaka 2025, zote zikiwa na 94, kwa kuwa Toronto walishinda michezo 8 kati ya 13 waliyokutana.

Tukitumia msingi wetu wa 92 kwa Yankees na 88 kwa Red Sox, Boston wanamaliza juu ya New York katika takriban asilimia 38 ya misimu. Hata Orioles wa 74 wanawapita Yankees katika asilimia 8. Ndiyo maana ubashiri unaotaja mpangilio pekee hauniridhishi: unamwonyesha msomaji uhakika ambao hesabu haina. Andika asilimia kando ya kila jina.

Hatua ya saba: funga, hifadhi, pima

Funga ubashiri siku moja kabla ya mchezo wa kwanza wa msimu, mwishoni mwa Machi, na usiuguse tena. Msimu ukiisha, chukua tofauti kati ya makadirio na ushindi halisi wa kila timu na utafute wastani wake. Kipimo cha kushindana nacho ni ubashiri wa mvivu. Aliyenakili ushindi wa 2024 ili kubashiri 2025 katika divisheni hii alikosea kwa wastani wa michezo 9.4; aliyeuvuta kwa nusu kuelekea 81 alikosea kwa 9.1. Mwaka mmoja wa timu tano hautoshi kukuhukumu, kwa hiyo pima divisheni zote sita na uendelee kwa misimu kadhaa. Ukiona huwazidi wavivu hao wawili, rudi kwanza kwenye jedwali lako la muda wa kucheza, na ulinganishe mstari kwa mstari idadi ya michezo uliyowapa wachezaji na ile waliyocheza.