Jinsi ya Kufundisha Historia ya Kompyuta za Kwanza kwa Vitendo

Mwalimu wa kompyuta katika sekondari za Mbeya, Njombe au Iringa afikapo kwenye historia ya kompyuta, mara nyingi huandika ubaoni orodha ya vizazi, kuanzia vali (mirija ya kioo ya kielektroniki) hadi transista na kuendelea, nao wanafunzi huikariri kwa ajili ya mtihani. Utaratibu ufuatao unahitaji karatasi za manila, kompyuta mpakato moja, hata iliyochakaa, na vipindi viwili vya siku zinazofuatana. Lengo lake ni kumwonyesha mwanafunzi jambo ambalo orodha ile hulificha, yaani ni nani aliyeruhusiwa kuigusa mashine.

Kipindi cha kwanza ni cha kompyuta kuu, yaani mashine kubwa zilizotumiwa na watu wengi kupitia mwendeshaji. Kata manila ziwe kadi, kisha eleza kwamba kadi halisi za kampuni ya IBM zilikuwa na safu wima 80 na zilitobolewa matundu badala ya kuandikwa. Chora mstari wa chaki sakafuni na umteue mwanafunzi mmoja awe mwendeshaji. Wengine wote wabaki nje ya mstari. Kila kundi liandike hatua za kujumlisha magunia 5 ya mahindi ya mkulima mmoja na 3 ya mwingine, hatua moja kwa kila kadi, likabidhi rundo lake na kuondoka bila jibu. Mwendeshaji atekeleze kadi kama zilivyo, asisahihishe chochote, na majibu yatoke kesho yake. Kundi lililokosea litakasirika, na hasira hiyo ndiyo somo lenyewe, kwa sababu ndivyo watumiaji wengi wa mashine kama IBM System/360, iliyotangazwa mwaka 1964, walivyofanya kazi.

Hapo taja kwa ufupi ENIAC ya mwaka 1946, yenye vali zipatazo 18,000 na uzito wa tani 30 hivi, kisha urudi nyumbani: kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta.

Kipindi cha pili kinastahili muda mrefu zaidi. Mwaka huo huo wa 1965 kampuni ya DEC ya Marekani ilianza kuuza PDP-8, minikompyuta iliyogharimu dola 18,000, bei ambayo idara moja ya chuo au maabara iliweza kuimudu, na mtumiaji akaketi mbele yake na kupandisha swichi kwa mkono wake mwenyewe. Pakua SIMH, programu ya bure inayoiga mashine hizo, ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, uihamishe kwa flashi, kisha ufungue faili la pdp8. Wanafunzi wapokezane kuandika amri hizi, kila moja kwenye mstari wake:

d 200 7200
d 201 1205
d 202 1206
d 203 3207
d 204 7402
d 205 5
d 206 3
go 200
e 207

Herufi d huweka namba kwenye anwani ya kumbukumbu, nayo e huisoma. Namba 7200 husafisha kikokotozi, yaani sehemu ya mashine inayoshikilia jumla, 1205 na 1206 hujumlisha yaliyomo katika anwani 205 na 206, 3207 huhifadhi jumla katika anwani 207, na 7402 husimamisha mashine. Jibu litakuwa 0010. Usiharakishe kulieleza, waache wabishane kwanza, mpaka mmoja agundue kwamba namba zote hapa ni za kizio cha nane, yaani hutumia tarakimu 0 hadi 7 tu, na nane huandikwa 10.

Umeme ukikatika na betri ikiwa mbovu, kazi yote itapotea isipokuwa umeihifadhi kwa amri ya save ikifuatiwa na jina la faili. Katika hili PDP-8 halisi iliizidi kompyuta yako, kwani kumbukumbu yake ya vipete vya sumaku ilibaki na yaliyomo hata bila umeme.

Mwisho, waweke 7777 katika anwani 205 na 1 katika 206, warudie go 200, wasome 207. Watakuta 0000, kwa kuwa neno la mashine hii, yaani namba moja inayohifadhiwa katika anwani, lina biti (tarakimu za 0 au 1) 12 tu. Kisha waandike e L, yaani wasome L, biti moja iliyo kando ya kikokotozi, watafute biti ya 13 ya jumla hiyo ilikokwenda.