Pikipiki ya umeme milimani: hesabu uniti, achana na kilomita za muuzaji

Pikipiki yangu ya umeme niliinunua Dar, mkononi mwa mtu, na akaniapia kwamba ikijaa inapiga kilomita 100. Sikatai. Labda inapiga, barabara ikiwa tambarare kama sinia, dereva mwembamba, hana mzigo, mwendo wa bibi harusi. Mimi naishi Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Siku ya tatu tu niliisukuma kilomita nne, kiroba cha karoti nyuma, watoto wa shule pembeni: "Anko, weka mafuta!" Nilifika nyumbani usiku, sikula, nikatafuta kalamu.

Anza na lebo ya betri. Yangu imeandikwa 72V 40Ah, yaani volti 72 na amp-saa 40. Zidisha 72 kwa 40 unapata 2,880, gawa kwa 1,000 unapata 2.88. Hizo ni uniti, zilezile unazonunua za LUKU. Kuanzia hapo usiulize tena pikipiki inakwenda kilomita ngapi, uliza ina uniti ngapi. Ukikuta lebo imebanduliwa, mrudishie mwenyewe funguo na uage vizuri.

Ili ujue 2.88 ni kitu gani: lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu uniti 9, ila injini inapoteza kama robo tatu yake kwa joto. Zinazofika kwenye tairi ni mbili na kitu. Kwa hiyo betri yangu nzima, yenye uzito wa kilo ishirini na ushee, inanipa kazi ya lita moja na kidogo ya petroli. Mota ya umeme haipotezi hovyo, ndiyo inayotuokoa. Lakini usidanganyike, unatembea na tanki la lita moja.

Sasa pima njia yako mwenyewe, kwa sababu njia ya mwenzako haikuhusu. Mimi nilichukua ile ninayopita kila siku, nyumbani hadi mashambani na kurudi, kilomita 22 za vumbi na mawe na makorongo mawili ambayo mvua za masika huyafanya matatu. Nilitoka betri imejaa. Niliporudi nilizima friji, televisheni na taa zote (mke wangu akanuna, alikuwa na tamthilia yake), nikaandika uniti zilizobaki kwenye mita, nikachomeka chaja na kusubiri mpaka taa yake igeuke kijani. Mita ilikuwa imepungua uniti 1.3. Chaja nayo inakula, ndiyo maana inapata moto, basi toa sehemu moja ya kumi. Ikabaki 1.17, yaani wati-saa 1,170. Gawa kwa kilomita 22: wati-saa 53 kwa kila kilomita.

Betri usiikaushe. Bakisha sehemu moja ya tano, kwa afya yake na kwa heshima yako mbele ya watoto wa shule. Zinazotumika ni wati-saa 2,300. Gawa kwa 53: kilomita 43. Hiyo ndiyo pikipiki niliyonunua. Rudia kipimo hiki kila mwaka, maana betri inazeeka.

Mlima una hesabu yake, nayo inatabirika kuliko vumbi. Kila kilo 100 ikipanda mita 100 kwenda juu inakula kama wati-saa 35, ukichanganya na zinazopotea kwenye mota na cheni. Chukua Mombo hadi Lushoto, kilomita 33 za lami, unapanda karibu mita 1,000. Mimi, pikipiki na mzigo ni kilo 240. Basi 2.4 mara 10 mara 35 ni wati-saa 840, hizo za kupanda tu. Ongeza kama wati-saa 25 kwa kila kilomita za kusogea mbele kwa mwendo wa wastani, unakuta jumla iko kwenye uniti 1.7. Nafika, na chenji inabaki. Nikipakia mtu wa pili juu ya mzigo, namwambia ukweli kwamba Soni, pale njiani, tutapumzika. Tofauti ya kimo utaipata kwenye simu, programu nyingi za ramani zinaionyesha.

Mchanga na tope havina kanuni nzuri. Mchanga uliolegea unaweza kula umeme mara mbili ya vumbi gumu, na ukipunguza upepo wa tairi ili ishike vizuri umejiongezea gharama nyingine. Kuhusu spidi: ukiongeza mwendo mara mbili, upepo unakupinga mara nne. Basi.

Kilichonilaza njiani siku ile hasa ni mistari ya chaji kwenye dashibodi. Pikipiki nyingi za bei ya chini zinasoma volti tu, na volti hushuka unapopanda kwa nguvu, kisha zinarudi ukisimama. Nilikuwa na mistari mitatu, mlimani ikawa mmoja, nikasimama kupumua ikarudi miwili, nikajiambia "bado ipo." Haikuwapo. Ukitaka kusoma sawasawa, simama dakika mbili tatu kwanza, kisha tazama. Na kama betri yako ni ya chuma-fosfeti (kwenye lebo LFP au LiFePO4), volti zake zinakaa palepale karibu safari nzima halafu zinaporomoka ghafla, hivyo mwamini mtu anayehesabu kilomita, ambaye ni wewe.

Kama hujanunua bado, angalia mota iko wapi. Iliyofungwa ndani ya gurudumu la nyuma ni nzuri kwa mjini. Kwenye mlima mkali wa taratibu inachemka na kutafuna umeme bure. Ya kwetu iwe katikati, yenye cheni, uweze kufunga sproketi kubwa nyuma.

Vijana huniuliza kama wasubiri betri bora. Nawaambia waangalie wanaofukuza jambo hili kwa fedha nyingi. Stark Varg, pikipiki ya mashindano ya matopeni kutoka Hispania, ilitangazwa mwaka 2021 ikiwa na betri ya uniti 6, na ile ya porini iliyofuata, EX, ina 7.2. Ni hatua, ila kwa miaka kadhaa ni nyongeza ya uniti moja na kidogo. Betri zinakua kama mti wa mparachichi, hazikui kama mahindi. Wengine wameishia njiani: Alta ya Marekani ilifunga 2018, Cake ya Uswidi ikafilisika 2024. Ndiyo maana ninapendelea pikipiki ambayo fundi wa hapa anaweza kuifungua betri yake, hata kama kampuni imekufa.

Safari iliyonifundisha zaidi ni ile ya mwaka 2024, pikipiki ya umeme ya Roam, kampuni ya Kenya, iliyotoka Nairobi ikafika Stellenbosch, Afrika Kusini, karibu kilomita 6,000, betri zikichajiwa kwa jua njiani. Betri yake moja ni uniti 3.24, haijazidi sana yangu. Kilichowafikisha ni kupanga wapi watachaji.

Nami nimepanga. Chaja yangu naibeba kwenye begi. Kule mashambani kuna duka lenye umeme; wakati karoti zinaoshwa na kufungwa, saa moja ya chaja inanirudishia kama uniti 0.7, ambazo kwa njia yangu ni kilomita 13. Mwenye duka namwachia shilingi 1,000 na anaona kapata.

Jambo moja kwa wanaoanzia juu, kama mimi. Ukiteremka kwenda Mombo asubuhi usijaze betri hadi mwisho. Pikipiki zenye mota inayorudisha umeme hushindwa kuurudisha pale betri inapokuwa imejaa, na hapo ule ukinzani uliozoea kukushika kwenye mteremko unakosekana. Unabaki na breki mbili peke yake, kona baada ya kona, mpaka zianze kunuka. Mimi nachomoa ikifika asilimia 90, halafu kwenye mteremko mota inapata nafasi ya kurudisha umeme kidogo kidogo.