Unaumwa miezi na miezi na vipimo vinasema huna kitu? Fanya hivi wakati unatafuta jibu

Mimi viungo vilianza kuuma mwaka juzi, vidole kwanza alafu magoti, na ule uchovu wa kuamka asubuhi umechoka kuliko ulivyolala. Nimetibiwa malaria mara nne, taifodi mara tatu, UTI ata sihesabu, na mpaka leo bado nahudhuria kliniki natafutiwa ugonjwa ni upi. Kwaiyo siandiki kama daktari, naandika kama mgonjwa niliyepoteza hela na muda sehemu ambazo wewe huna haja ya kupoteza.

Kwanza kabisa nunua daftari dogo la kuingia kwenye mkoba. Daktari anakuona dakika kumi, na siku hiyo unaweza ukawa umeamka vizuri kabisa, akikuuliza "tangu lini?" unajibu "siku nyingi daktari", sasa ataanzia wapi? Kila jioni andika mistari miwili mitatu tu: panauma wapi, saa ngapi, kwa kumi ungeyapa maumivu ngapi, joto la mwili kama una kipimajoto, umekula nini, umekunywa dawa gani, na kwa kina dada siku za hedhi usiziache maana kuna maumivu yanafuata hedhi na hakuna atakayejua usiposema. Vidole vikikakamaa asubuhi hesabu dakika mpaka vilegee, hili nililiona dogo mpaka daktari mmoja akaniuliza, kumbe vikichukua zaidi ya nusu saa wanaanza kufikiria uvimbe wa ndani ya viungo. Ukitoka vipele au ukivimba piga picha na simu saa hiyo hiyo, kesho vitakuwa vimepotea na utaonekana unasimulia hadithi.

Pia pima uzito kila wiki, mzani ule ule.

Majibu ya vipimo omba nakala, ata yale yanayosema kawaida, weka kwenye faili kwa mpangilio wa tarehe. Mimi nilirudia kipimo kile kile cha damu mara tatu kwa hela yangu kwa sababu tu karatasi zilibaki hospitali ya kwanza.

Sasa hili la malaria na taifodi nalisema kwa uchungu kabisa. Kile kipimo cha haraka cha malaria, cha kutoboa kidole, kinaweza kuendelea kuonyesha unayo wiki kadhaa baada ya kupona, kwaiyo kama umemaliza dozi juzi juzi omba waangalie kwa darubini. Na Widal, kile kipimo cha damu cha taifodi, inasoma kinga ya mwili, inaweza kutoka positive kwa sababu uliwahi kuugua zamani au una maambukizi mengine tofauti kabisa, jibu la uhakika zaidi ni damu kuoteshwa maabara waone kama bakteria wa taifodi wanaota. Ukishapewa antibayotiki ya taifodi mara ya pili na hali ni ile ile, usikubali ya tatu kimya kimya, uliza kwa heshima: "Daktari, mbali na hii inaweza kuwa nini?" Taja na vitu ambavyo hakuna atakayehisi: kama unakunywa maziwa mabichi au unafuga sema, maana kuna brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nao unaleta homa za kuja na kuondoka na viungo kuuma. Kikohozi wiki mbili, jasho la usiku au kukonda, omba kupimwa TB, vituo vya serikali ni bure. VVU pima mapema ili wewe na daktari mjue kama ipo au haipo, pamoja na sukari, wingi wa damu, figo na tezi ya shingo.

Kuhama hama hospitali ndio kosa kubwa tunalofanya, kila mahali unaanza upya, kila mtu anaanza na malaria. Chagua sehemu moja, rudi kwa daktari yule yule, na ikifika mahali ameishiwa omba barua ya rufaa kwenda kwa bingwa hospitali ya mkoa au ya kanda. Ukipata jibu "hamna kitu" uliza tumeshaondoa magonjwa gani, na kinachofuata ni nini. Hilo swali limenisaidia kuliko kulia mbele yake, na nimelia pia.

Dawa za maumivu, tafadhali. Diklofenaki kila siku inaweza kuharibu tumbo na figo. Panadol kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Na zile dawa za kuchanganywa dukani unapewa kwenye kikaratasi zisizo na jina, zingine zina prednisolone, dawa ya steroidi inayotuliza uvimbe na maumivu, unapata nafuu ya ajabu kumbe zimefunika dalili ambazo daktari anazitafuta, na kama umezinywa muda mrefu usikate ghafla, mwambie daktari ukweli. Mitishamba pia sema, usiogope.

Nyumbani watakwambia mvivu, wengine watasema umelogwa. Maombi fanya, ila kliniki usiache. Mimi nilimchukua mume wangu siku moja tukaingia wote kwa daktari, tangu siku hiyo maneno ya mama mkwe anayajibu yeye. Na siku ukiamka vizuri usifue nguo za wiki nzima, utalala siku mbili, fua nusu, pika umekaa kwenye stuli, ndoo ibebe nusu.

Alafu kuna vitu havisubiri tarehe ya kliniki: kifua kubana, kushindwa kupumua, upande mmoja wa mwili kulegea, shingo kukaza na homa, kutapika damu au choo cheusi kama lami. Hapo nenda ata kama ni saa nane usiku, na daftari mpe anayekusindikiza.