Urari ukigoma: misingi ya uhasibu wa fedha kwa duka moja na mwezi mmoja

Wanafunzi wengi wa mwaka wa kwanza wa biashara, wawe wa vyuo vya UDOM, CBE au Mipango, wanaweza kukutajia kanuni za debiti (upande wa kushoto wa akaunti) na krediti (upande wa kulia) bila kusita. Wape miamala kumi ya duka la kawaida, wanakwama kwenye wa tatu. Mwongozo huu unachukua duka moja la mafuta ya alizeti pale Soko la Majengo, Dodoma, mwezi mmoja wa Machi, na kulifikisha hadi kwenye mizania, yaani orodha ya mali, madeni na mtaji mwisho wa mwezi. Njiani kuna urari, orodha ya masalio ambayo jumla zake mbili lazima zilingane; zisipolingana, umegoma. Bei zote ni za mfano. Fuata ukiwa unaandika, kuusoma tu hakutakusaidia.

Vifaa: kaunta buku, penseli, kifutio, rula, na kikokotoo cha kawaida. Excel iache kwanza. Ukiandika 450,000/= kama tulivyozoea, Excel inayahesabu hayo kuwa maneno, na fomula ya kujumlisha inayaruka kimya kimya. Anayeanza hajui atafute wapi. Ukishaweza kufanya kwa mkono, tumia Excel upendavyo.

Hatua ya 1: Miamala

1 Machi: mwenye duka anaweka mtaji 3,000,000, fedha taslimu.
2 Machi: ananunua madumu 40 ya lita 20 kwa 60,000 kila moja, jumla 2,400,000. Nusu analipa taslimu, nusu anapewa mali kauli na msambazaji wa Singida.
3 Machi: analipa pango la miezi mitatu, Machi hadi Mei, 450,000.
10 Machi: anauza madumu 15 taslimu kwa 78,000, jumla 1,170,000.
14 Machi: anaukopesha mgahawa madumu 10 kwa 80,000, jumla 800,000.
18 Machi: ananunua rafu na mizani, 360,000 taslimu.
22 Machi: mgahawa unalipa 500,000.
25 Machi: anamlipa msambazaji 700,000.
28 Machi: anachukua 120,000 za matumizi ya nyumbani.
30 Machi: analipa bajaji za kupelekea wateja mzigo, 40,000.

Hatua ya 2: Makundi kabla ya pande

Kabla hujaandika debiti wala krediti, jiulize kila akaunti iko kundi gani. Mali na gharama huongezeka debiti. Dhima (madeni unayodaiwa), mtaji na mapato huongezeka krediti. Kinachopungua kinakwenda upande wa pili. Fedha anazochukua mwenye duka zinapunguza mtaji, kwa hiyo ni debiti, lakini si gharama ya biashara hata kama amezitumia kununua mchele wa wafanyakazi wake wa nyumbani.

Ile kanuni ya "debiti ni kuingia, krediti ni kutoka" itupe. Inafanya kazi kwenye akaunti ya fedha, halafu inakuacha njiani tarehe 14, ambapo umeuza na hakuna hata senti iliyoingia. Na usichanganywe na ujumbe wa benki kwamba akaunti yako imekreditiwa. Hapo benki inasoma kitabu chake yenyewe: fedha zako kwake ni deni, na deni likiongezeka linakreditiwa. Kwenye kitabu chako, muamala huo huo ni debiti.

Hatua ya 3: Jarida na leja

Jarida ni pale unapoandika kila muamala kwa tarehe; leja ni pale kila akaunti ina ukurasa wake. Muamala wa tarehe 2 unagusa akaunti tatu: debiti Manunuzi 2,400,000, krediti Fedha 1,200,000, krediti Msambazaji 1,200,000. Mingine yote inagusa mbili. Chora herufi T kwa kila akaunti, hamisha kutoka kwenye jarida, funga salio (tofauti ya pande mbili). Katika kila mstari andika tarehe na jina la akaunti ya upande wa pili. Wengi wanaliruka jina hilo, wanalikumbuka Hatua ya 5 wakati wameshachelewa.

Manunuzi ni bidhaa za kuuza tu. Rafu na mizani zina akaunti yake.

Hatua ya 4: Urari

Urari ni orodha ya masalio yote ya leja siku moja, debiti safu moja, krediti safu nyingine.

Debiti: Fedha 1,800,000, Manunuzi 2,400,000, Pango 450,000, Mgahawa (mdaiwa) 300,000, Rafu na mizani 360,000, Matumizi binafsi 120,000, Usafirishaji 40,000. Jumla 5,470,000.

Krediti: Mtaji 3,000,000, Mauzo 1,970,000, Msambazaji (mdai) 500,000. Jumla 5,470,000.

Hatua ya 5: Urari umegoma

Hapa ndipo usiku unapoishia. Kosa la kwanza ni kurudia kila kitu kutoka tarehe 1. Ukirudia ukiwa umechoka unalirudia kosa lile lile, au unaongeza la pili. Badala yake tafuta tofauti ya jumla mbili, iandike juu ya ukurasa, na andika pia upande upi ni mkubwa. Halafu fuata mpangilio huu bila kuuvuruga.

Kwanza, jumlisha tena safu zote mbili, safari hii kutoka chini kwenda juu. Tofauti ya 10,000, 100,000 au 1,000,000 kamili mara nyingi ni kosa la kujumlisha, si la leja.

Pili, itafute tofauti yenyewe kama ilivyo. Ikiwa debiti imepungua 450,000, pango halikuhamishwa au limesahaulika kwenye orodha. Angalia masalio ya urari, kisha miamala ya jarida.

Tatu, igawe kwa mbili. Kiasi kilichowekwa upande usio wake huzaa tofauti mara mbili yake. Ukiyaweka matumizi binafsi ya 120,000 upande wa krediti, debiti inakuwa 5,350,000 na krediti 5,590,000. Tofauti 240,000, nusu yake 120,000, umemkamata. Lakini tahadhari. Chukua tofauti ya 1,000,000, debiti ikiwa kubwa. Nusu yake ni 500,000, na kwenye duka hili kuna 500,000 mbili: salio la msambazaji, na malipo ya mgahawa ya tarehe 22. Ukiliweka salio la msambazaji kwenye safu ya debiti, unapata tofauti hiyo. Ukiyaandika malipo ya mgahawa upande wa debiti wa akaunti ya mgahawa, unapata tofauti hiyo hiyo. Usifute kitu kwa kubahatisha. Tazama salio la mgahawa: kama linasoma 1,300,000 badala ya 300,000, jibu unalo, maana mgahawa uliochukua mzigo wa 800,000 hauwezi kudaiwa zaidi ya hapo.

Nne, igawe kwa tisa. Ikigawanyika bila kubaki, huenda umegeuza tarakimu mbili zinazofuatana au umeongeza au kupunguza sifuri. 40,000 ikiandikwa 4,000, tofauti ni 36,000, na 36,000 kwa 9 ni 4,000, yaani kile kiasi ulichoandika kimakosa. Kwa tarakimu zilizogeuzwa, ondoa sifuri za mwisho: tofauti ya 270,000 ni 27, na 27 kwa 9 ni 3, kwa hiyo tafuta kiasi ambacho tarakimu zake mbili za jirani zinapishana kwa 3. Kwenye leja yetu wapo washukiwa wawili: 360,000 iliyoandikwa 630,000, na 300,000 iliyoandikwa 30,000. Ndiyo maana nilisema uandike upande mkubwa. Rafu za 630,000 zinaifanya debiti izidi. Mgahawa wa 30,000 unaifanya debiti ipungue.

Mpangilio huu una sababu. 450,000 inagawanyika kwa 9 pia, na ukianza na tisa utawinda tarakimu zilizogeuzwa ambazo hazipo wakati pango limesahaulika tu. Kwa hiyo: kiasi chenyewe, kisha nusu, kisha tisa.

Kama njia zote nne zimeshindwa, yamkini makosa ni mawili au zaidi na yamechanganyika. Hapo ndipo unarudi kwenye jarida, unaweka alama ya vema kwa penseli mbele ya kila mstari uliouona leja, pande zote mbili. Yale majina ya akaunti ya upande wa pili yanaanza kulipa sasa. Mstari usio na alama ndio wako. Akaunti ya muda ya kubebea tofauti isikuvutie. Kwa mwanafunzi ni zulia la kufagilia uchafu chini yake, na mhadhiri atalifunua.

Urari ukikubali, usishangilie bado. Kuna makosa usiyaone hata ukiutazama mpaka asubuhi: muamala ulioachwa kabisa, kiasi kisicho sahihi kilichoandikwa sawa pande zote mbili, debiti na krediti zilizobadilishana, akaunti isiyo yake, na makosa mawili yanayofutana. Baya kuliko yote ni kuweka rafu na mizani kwenye Manunuzi. Urari unabaki 5,470,000 safi kabisa, lakini faida ya mwezi, ambayo utaiona chini ni 245,000, inageuka kuwa hasara ya 105,000. Dawa ni kupitia ankara na stakabadhi moja moja, hakuna hesabu ya mkato.

Malipo kwa simu yana mtego wake. Mgahawa ukilipa 500,000 na mtandao ukakata makato kwako, akaunti ya mgahawa inakreditiwa 500,000 nzima. Makato ni gharama yako, mteja ameshalipa.

Hatua ya 6: Marekebisho ya mwisho wa mwezi

Bidhaa zilizobaki: madumu 40 toa 25 ni 15. Kwa gharama ya 60,000 ni 900,000. Hesabu dukani kwa macho, usiamini kutoa tu. Dumu linalovuja halionekani kwenye daftari. Na bidhaa huthaminiwa kwa gharama au kwa kiasi kitakachopatikana zikiuzwa baada ya kuondoa gharama za kuziuza, kile kilicho kidogo. Ikiwa msimu mpya wa alizeti umekaribia na sasa utapata 55,000 tu kwa dumu, thamani ni 825,000, na faida inashuka kwa 75,000. Bei ikipanda hadi 90,000, unabaki na 60,000 yako. Faida ambayo haijauzwa haiandikwi.

Pango: la Machi ni 150,000. Zile 300,000 za Aprili na Mei ni mali, si gharama.

Umeme uliotumika na haujalipwa, tuseme 25,000: debiti Umeme, krediti Umeme unaodaiwa.

Uchakavu (bei ya kifaa ikigawanywa kwa muda wa kukitumia): 360,000 kwa miaka 3, bila thamani ya mwisho, ni 10,000 kwa mwezi. Hapa tunahesabu mwezi mzima wa kununua. Ukichagua utaratibu mwingine, usibadilishe katikati ya mwaka.

Hatua ya 7: Taarifa mbili

Mauzo 1,970,000, toa gharama ya mauzo 1,500,000 (manunuzi 2,400,000 toa bidhaa zilizobaki 900,000): faida ghafi 470,000. Toa pango 150,000, usafirishaji 40,000, umeme 25,000, uchakavu 10,000: faida halisi 245,000.

Mizania: rafu na mizani 350,000, bidhaa 900,000, mdaiwa 300,000, pango lililolipwa kabla 300,000, fedha 1,800,000. Jumla 3,650,000. Upande wa pili: mdai 500,000, umeme unaodaiwa 25,000, mtaji 3,125,000 (3,000,000 ongeza 245,000 toa 120,000). Jumla 3,650,000.

Ukiona mizania imepishana kwa 25,000 au 10,000, umeandika rekebisho upande mmoja tu. Ikipishana kwa 240,000, umeyajumlisha matumizi binafsi badala ya kuyatoa.

Aprili ikianza, akaunti za mapato na gharama zinaanza na sifuri, za mizania zinaendelea na masalio yake. Bili ya umeme wa Machi ikilipwa Aprili, usiidebiti Umeme tena: debiti Umeme unaodaiwa 25,000, krediti Fedha.