Projekti ya baiokemia ukiwa Dodoma: anza na jani la mzabibu

Wadogo zangu mnaochagua projekti za mwaka wa mwisho, msikimbilie mada kubwa kubwa ambazo kemikali zake zinaagizwa nje na semesta haikusubiri. Hapa Dom mizabibu imejaa, Makutupora kuna watafiti wa zabibu kabisa, na jani lake lina swali zuri mno: utatoaje DNA safi humo?

Sio rahisi ujue. Jani la mzabibu lina polifenoli nyingi na polisakaridi za kunata, ukisaga tu zile polifenoli zinakutana na oksijeni, rojo inakuwa kahawia kama chai ya rangi, na DNA ya hivyo ukiipeleka kwenye PCR (mashine ya kurudufu DNA) kimeng'enya kinagoma, hupati bendi hata moja kwenye jeli. Mimi nilipoteza wiki mbili na majani yaliyokomaa mpaka fundi wa maabara akaniambia mwanangu chuma machanga ya nchani, asubuhi, yaingie kwenye barafu palepale shambani. Jua la huku unalijua.

Ila kabla ya sampo, fundisha mkono. Vuta maji maikrolita 100 kwa pipeti, weka kwenye mizani, isome gramu 0.1, rudia mara kumi, zikipishana sana basi kidole chako kinaachia haraka, achia taratibu.

Sasa saga jani likiwa bado baridi, weka bafa ya CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli) asilimia 2 yenye PVP (hiyo PVP ndo inazikamata polifenoli), nyuzijoto 65 kwa nusu saa hadi saa nzima. Halafu ongeza klorofomu, ila ni ndani ya kabati la kuvuta hewa tu, hapo sibembelezi mtu. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha nyonya maji ya juu na uyaache mengine yabaki, maana ukiugusa ule utando mweupe wa katikati umerudisha uchafu wote. Kwenye hayo maji weka isopropanoli ya baridi, pindua tyubu polepole, na zile nyuzi nyeupe, ndo DNA yenyewe, zikianza kujikusanya utaelewa kwanini watu tunaipenda hii kazi!

Osha kwa ethanoli asilimia 70, kausha, pima. Uwiano wa mwanga unaofyonzwa kwenye nanomita 260 na 280 (260/280, unaonyesha kama kuna protini) uwe karibu 1.8, na ule wa 260/230 (unaonyesha uchafu kama polisakaridi na polifenoli) ukiwa chini sana rudia kuosha.

Na majina ya tyubu andika kwenye kifuniko na ubavuni pia, ethanoli inafuta wino wa maka pen.