Kuiga mtiririko unaozunguka na kupashwa joto: anza na kizingiti

Wiki iliyopita nilikaa na mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili, hapa Njiro, Arusha. Kompyuta yake ilikokotoa siku tatu, na kila asubuhi mstari wa nishati ya mwendo wa maji ulikuwa umeshuka zaidi. Alikuwa anaiga sanduku la maji linalozunguka: chini moto, juu baridi, namba ya Rayleigh (hupima msukumo wa joto dhidi ya vinavyouzuia) milioni 3, na maji yametulia tuli.

Hatua ya 1. Sakinisha Dedalus, programu ya kutatua milinganyo ya mtiririko, kwenye Linux. Kwa kazi hii sishauri kingine. Mbinu yake ya spektra, inayoandika mtiririko kama jumla ya mawimbi, hukupa kizingiti sahihi (namba ya Rayleigh ambapo maji yanaanza kusogea) kwa pointi chache.

Hatua ya 2. Namba ya Prandtl (Pr: mnato gawanya kwa usambaaji wa joto) iwe 1, ya Ekman (E: mnato dhidi ya mzunguko) 0.0001. Kuta za juu na chini ziwe zisizokwaruza maji. Upana wa sanduku uwe mara 2.24 ya kina, ili mawimbi kumi yaingie kamili.

Hatua ya 3. Hapa ndipo siku tatu zilipopotelea. Kuna wanaoandika namba ya Ekman kama mnato gawanya kwa 2ΩH² (Ω ni kasi ya mzunguko, H ni kina), na kuna wanaoiacha ile 2. Ukiiweka 2 ndani ya namba, nguvu ya Coriolis (inayotokana na mzunguko) kwenye mlinganyo inabeba Pr/E. Ukiiacha, inabeba 2Pr/E. Yeye alichukua namba ya kundi la kwanza, akaandika mlinganyo wa kundi la pili. Mzunguko ukawa mara mbili bila yeye kujua, na mzunguko hukandamiza msogeo: kizingiti kikapanda kutoka milioni 1.897 hadi takriban milioni 4.8. Milioni 3 yake ilikuwa chini kabisa ya hapo.

Kwa hiyo usiguse msukosuko kabla ya jaribio hili. Tia mtikisiko mdogo sana, endesha kwa namba ya Rayleigh milioni 1.8, kisha milioni 2.0. Ya kwanza lazima ife, ya pili lazima ikue. Karibu na kizingiti ukuaji ni wa polepole mno, kwa hiyo chora logi ya nishati na usome mteremko wake. Tulipofuta ile 2, mstari ulipinda juu kabla chai haijapoa.

Hatua ya 4. Pandisha namba ya Rayleigh kidogo kidogo, kila mara ukianzia hali ya mwisho iliyohifadhiwa. Hifadhi kila nusu saa, umeme hukatika. Tazama nishati: kwanza imenyooka, baadaye huenda ikapanda na kushuka kwa mpangilio, mwisho inapoteza mpangilio.

Hatua ya 5. Hapo ongeza maradufu pointi za gridi (zile ambazo kompyuta hukokotolea), urudie. Fujo ikitoweka, ilitoka kwenye gridi.