Kununua nyumba ya kupangisha Dar es Salaam: namna ya kuipima kabla ya kutoa hela

Dalali akikuambia kuna mteja mwingine ana hela mkononi, mwache huyo mteja anunue. Nyumba zinazouzwa Dar haziishi. Fuata mpangilio huu: vipimo vya bure kwanza, vya kulipia baadaye.

Hatua ya 1: Jua kodi halisi. Usichukue kiasi anachotaja muuzaji. Waulize wapangaji wa nyumba za jirani wanalipa kiasi gani, kisha wapigie madalali wawili ukijifanya unatafuta nyumba ya kupanga mtaa huohuo. Uliza pia nyumba ya mwisho kupangishwa ilikaa tupu muda gani.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kinachobaki. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo twende taratibu. Tuseme nyumba Kinyerezi inauzwa milioni 90 na kodi yake ni 500,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni milioni 6. Toa mwezi mmoja wa kukaa tupu, inabaki 5,500,000. Toa kodi ya serikali ya asilimia 10 ya pango, 550,000. Toa 700,000 za rangi, mabomba na kunyonya choo. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU (umeme wa kulipia kabla) ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000. Mkononi unabaki na 4,232,000.

Upande wa pili, ongeza gharama za wakili, ushuru wa stempu na usajili; weka milioni 3. Umetoa milioni 93, unapata kama asilimia 4.5 kwa mwaka. Hatifungani ya serikali (unaikopesha serikali, inakulipa riba) ya miaka 25 imewahi kutoa zaidi ya asilimia 12, bila mpangaji na bila fundi.

Sasa igeuze hesabu. Ukitaka angalau asilimia 7, gawa 4,232,000 kwa 0.07: unapata kama milioni 60, gharama zote zikiwa ndani. Hiyo ndiyo bei yako. Muuzaji atakwambia ardhi inapanda. Ni kweli inapanda, lakini usimlipe leo kwa ongezeko ambalo bado halijatokea.

Hatua ya 3: Nenda kwenye nyumba mvua ikinyesha. Masika, kati ya Machi na Mei, ndiyo kipindi kizuri kuliko vyote. Angalia ukuta wa nje chini ya madirisha: mstari wa tope uliokauka, au rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini tu, unakuonyesha maji yalifika wapi. Tafuta pia alama ya X nyekundu, ya nyumba iliyoamriwa kubomolewa, hata kama imefutwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia ujenzi ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe. Na barabara nazo zina hifadhi yake, eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa: mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kibaha zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro.

Hatua ya 4: Karatasi. Muhuri wa serikali ya mtaa unathibitisha kwamba mnafahamika, si umiliki. Omba nakala ya hati, kisha wakili wako, si wa muuzaji, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi utaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki na zuio kama lipo. Soma pia muda wa hati: 33, 66 au 99, na imebaki miaka mingapi. Kama ni leseni ya makazi, yaani kibali cha muda mfupi badala ya hati, bei ishuke.

Hatua ya 5: Nani anauza? Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema hivyo. Mwenza asaini mbele ya wakili, wewe ukiwepo. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kaka mkubwa ndiye mwenye funguo. Hapa sina mjadala: barua ya usimamizi ikikosekana, ondoka.

Hatua ya 6: Malipo. Lipa kwa benki tu, kwa awamu zilizoandikwa kwenye mkataba. Mkataba utaje ni nani anayelipa kodi ya mauzo ya nyumba kwa TRA (Mamlaka ya Mapato), maana uhamisho hukwama hapo. Awamu ya mwisho itoke hati ikishasoma jina lako.